Tulivyojifunza ngumi ukubwani

Ndugu msomaji, sisi tunaoandika makala haya ni ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, wazaliwa wa Ngamiani, Tanga. Mkubwa ana miaka 51, mdogo ana miaka 45. Tumekubaliana kuandika kwa kalamu moja, na palipo na jambo lililomhusu mmoja wetu peke yake tutasema "mkubwa" au "mdogo", ili asiwepo wa kujitwalia sifa wala wa kukimbia lawama. Habari yenyewe ni ya ngumi. Twajua wapo watakaokunja uso kuliona neno hilo katika ukurasa wa familia, nasi hatuwalaumu. Mama yetu naye aliukunja.

Chanzo kilikuwa viwili. Mkubwa aliambiwa na daktari kwamba sukari yake imepanda, na pamoja na dawa hana budi kuutoa mwili jasho. Akajaribu kutembea jioni, lakini matembezi ya mtu wa Ngamiani hukatizwa na salamu kila baada ya hatua kumi, na salamu huzaa kahawa, na kahawa huzaa kashata. Huku nyuma, mtoto wa mdogo, kijana wa miaka 15, alikuwa akitoroka baada ya swala ya alasiri kwenda katika ua mmoja ambako bondia wa zamani hufundisha vijana ndondi chini ya mwembe. Mdogo alipopata habari alikwenda kumtoa mwanawe huko kwa nguvu. Alikuwa na sababu zake za kuiogopa ngumi, nazo zitakuja mbele.

Alipofika aliwakuta vijana tisa wamesimama. Hapakuwa na aliyekuwa akimpiga mwenziwe. Walikuwa wamesimama tu, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, mikono mashavuni, na mwalimu akipita kati yao akiwasukuma mabegani kwa kidole kimoja ili aone nani atayumba. Mdogo akangoja hasira imalizike ndipo aseme. Akangoja nusu saa. Ilipomalizika hakuwa na la kusema, na usiku ule alimpigia simu mkubwa. Simu baina yetu ilikuwa jambo la nadra kwa miaka saba. Tulipigiana Idi mbili na msiba ukitokea.

Kabla ya kuvua viatu tulikwenda kwa sheikh wa mtaa wetu, maana tulikuwa tumesikia mengi. Alitueleza bila kuzunguka. Mtume (s.a.w) alikataza kupiga uso, na katika mapokezi ya Imam Muslim katazo hilo limetajwa kwa mtu anayepigana na ndugu yake. Akaongeza kwamba mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka, lilitoa uamuzi dhidi ya mchezo wa ngumi kwa namna unavyochezwa ulingoni, kwa sababu unahalalisha kumdhuru mtu na unalenga kichwa. Lakini kuutia mwili nguvu, akasema, ni jambo jingine, na Muislamu hakuamrishwa udhaifu. Tukarudi kwa mwalimu na sharti letu: gunia, kamba, kivuli na viganja vya kupokelea, basi. Hatutapiga uso wa mtu wala hatutapigwa. Tulidhani atatucheka. Akasema, "Wazee wangu, kwa pumzi mliyo nayo nisingewaruhusu hata mngeniomba."

Somo la kwanza lilikuwa kusimama. Mtu mzima hudhani anajua kusimama, kwa kuwa amefanya hivyo tangu utotoni. Mwalimu alituchorea mstari kwa kijiti mchangani. Mguu wa kushoto uwe mbele kwa anayetumia mkono wa kulia, wa nyuma uchepuke kidogo kando ya mstari, upana baina yao uzidi kidogo ule wa mabega. Kisigino cha nyuma kiinuke kiasi cha kupitisha karatasi. Magoti yalegee. Viwiko vikae karibu na mbavu, ngumi usawa wa mashavu, kidevu kishuke kama mtu anayesoma kitabu kilicho mapajani. Uzito ugawanywe miguu yote miwili. Hapo mkubwa alishindwa kabisa: kila mara mwili wake ulikwenda mbele, na kidole kimoja cha mwalimu kilimtosha kumwangusha. "Wewe umezoea kuwajia watu," mwalimu akamwambia. Mdogo akashindwa kwa upande wa pili. Yeye aliegemea nyuma, kana kwamba anangoja jambo baya. Tulisimama hivyo siku tatu. Mapaja yalituuma hata kukaa katika tahiyatu ikawa mtihani.

Siku ya nne tulifundishwa kutembea. Kanuni ni moja na ni nyepesi kuisema: ukienda mbele, mguu wa mbele utangulie na wa nyuma ufuate; ukirudi, wa nyuma utangulie; ukienda kushoto, wa kushoto utangulie. Miguu isipishane kamwe, wala isikutane, kwa kuwa dakika inapokutana wewe huna msingi, na mtoto mdogo aweza kukuangusha. Kuitekeleza ni habari nyingine. Vijana walitucheka, na kijana wetu akacheka kuliko wote, akamfundisha baba yake kwa kumshika kiuno. Baba akakubali kushikwa. Tunalitaja hili kwa sababu kabla ya hapo mazungumzo yao yalikuwa amri na ukimya.

Kisha ikaja siku ya bandeji, na hii ndiyo siku tuliyotaka kuiandika.

Bondia hafungi ngumi kavu. Hufunga kwanza mkono kwa kitambaa kirefu, cha mtu mzima huwa kama mita nne na nusu, kinachoanza kwa kitanzi katika kidole gumba. Huzungushwa kifundo cha mkono mara tatu, kikapandishwa juu ya vifundo vya vidole mara tatu, kikapitishwa baina ya kidole na kidole, kisha kikarudi kifundoni kufungwa. Watu hudhani ni kwa ajili ya kumwongezea mpigwa maumivu. La hasha. Mkono wa mwanadamu una mifupa midogo mingi iliyounganishwa kwa kano, na umeumbwa kushika na kubeba. Ukigonga kitu kigumu bila kufungwa hutawanyika. Hata glavu ziliingizwa na kanuni zilizotangazwa Uingereza mwaka 1867, hizo hizo zilizoleta raundi ya dakika 3 na pumziko la dakika 1, na hulinda mkono wa mpigaji kuliko zinavyolinda kichwa cha mpigwa. Mtu huweza kuvaa glavu akapiga kwa nguvu zaidi, kwa kuwa haumii. Tulilifikiri neno hilo tukaona ndilo lililowahangaisha wanavyuoni.

Mwalimu alimfunga mdogo kwanza. Aliushika mkono wa kulia, akaukunja ngumi, akaupapasa. Kifundo cha kidole cha mwisho hakikuwepo. Palipotakiwa kuwa na mlima palikuwa na shimo. Akaukunjua, akaukunja tena, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Hii ulimpiga nani?"

Mdogo hakujibu. Mkubwa, aliyekuwa nyuma yake akingoja zamu, akasema, "Mimi."

Ndugu msomaji, hatuna budi kurudi nyuma. Marehemu baba yetu alifariki mwaka 2016, mwezi mmoja baada ya kufariki Muhammad Ali, ambaye alimpenda tangu ujana. Alikuwa akitusimulia jinsi Ali alivyokuja Dar es Salaam mwaka 1980, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kuomba nchi zetu zisusie michezo ya Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere asimpokee. Baba alicheka kila alipolifika neno hilo. Alisema Ali alizijua ngumi zote ila ile ya siasa. Aliacha mjane mmoja, wana wawili wa kiume, wawili wa kike, na nyumba ya vyumba sita yenye vyumba viwili vya mbele vya kupangisha. Hakuacha deni wala wasia. Hesabu yake ni nyepesi, hata mwanafunzi wa madrasa aiweza: nyumba igawiwe mafungu 48, mama apate thumuni ambayo ni mafungu 6, kila mwana wa kiume 14, kila binti 7. Hapakuwa na la kugombania.

Tukagombana. Mkubwa, aishiye nyumba ya kupanga, alitaka iuzwe. Mdogo, aliyekuwa akiishi humo na mama, alikataa. Siku ya arobaini, wageni wamekwisha kuondoka na masufuria ya pilau bado hayajaoshwa, mkubwa alisema neno: kwamba mdogo alizila fedha alizokuwa akileta kwa ajili ya dawa za baba. Neno hilo halikuwa kweli, na mkubwa alijua kuwa si kweli alipokuwa akilisema. Mdogo akampiga. Alimpiga usoni, chini ya jicho la kushoto, mara moja tu. Mama alikuwa mlangoni.

Usiku ule tulikaa benchi moja hospitali, mmoja ameshika jicho, mmoja ameshika mkono, ami yetu akiwa katikati kama ukuta. Mkubwa alishonwa nyuzi tano na kwa mwezi mzima aliona ukungu upande ule. Mdogo alikuwa amevunja mfupa wa kiganja unaobeba kidole cha mwisho. Wazee walitupatanisha juma lile lile, tukapeana mikono, wa kushoto kwa upande wa mdogo kwa kuwa wa kulia ulikuwa katika plasta, tukarudi kila mtu kwake na miaka saba ikapita. Nyumba haikuuzwa wala haikugawiwa. Dada zetu, ambao hawakumpiga mtu wala kumtukana mtu, hawakupata hata senti katika mafungu yao 14.

Chini ya mwembe mwalimu hakutoa mawaidha. Aliendelea kufunga bandeji, na akatueleza jambo la ufundi. Mfupa ule, alisema, madaktari huuhusisha na mabondia, lakini mara nyingi huvunjwa na watu wasiofundishwa. Aliyefundishwa hunyoosha mkono na kugonga kwa vifundo viwili vya kwanza, cha kidole cha shahada na cha kati, vilivyo kwenye mstari mmoja na mifupa ya mkono wenyewe. Mwenye hasira hurusha mkono kwa kuuzungusha kama anayetupa jiwe, na uzito wote huangukia vidole viwili vya mwisho, visivyoweza kuubeba. "Ukiwaona kumi wenye shimo hili," akasema, "tisa hawajapata kukanyaga ulingo." Akamfunga mdogo, akaongeza mzunguko mmoja pale penye shimo, akamwita mkubwa.

Ngumi ya kwanza tuliyofundishwa ni ya mkono wa mbele, ambayo mabondia huiita jabu. Si ngumi ya nguvu. Hutoka shavuni moja kwa moja bila kiwiko kuinuka kando, hujipinda mwishoni ili kiganja kitazame chini, bega linapanda kukifunika kidevu, kisha hurudi kwa njia ile ile iliyokwendea. Kurudi ndiko kugumu. Mwanafunzi mgeni hufurahia kufika, akauacha mkono ukining'inia huko. Mwalimu alikuwa na kanda mbili mkononi, na kila tuliposahau kurudisha alitugusa nazo shavuni, polepole, kama mtu anayeamsha mtoto. Pumzi hutolewa kwa mkato puani au baina ya meno kila mkono unapotoka. Mkubwa alikuwa akiibana pumzi, na katika raundi moja ya dakika 3 akaishiwa kabla ya dakika ya pili. Hili nalo si geni kwake, ndivyo anavyogombana.

Ngumi ya mkono wa nyuma huanzia chini. Mguu wa nyuma hujipinda kama unaozima kipande cha sigara, nyonga ikageuka, bega likafuata, mkono ukawa wa mwisho kupata habari. Tulipoijaribu kwenye gunia tulielewa kwa nini siku tatu zilitumika kusimama. Gunia lenyewe limejazwa matambara ya mitumba. Mwalimu hataki mchanga, kwa kuwa hushuka chini ukashikamana na kuwa jiwe, na jiwe huvunja mikono. Ukiligonga vizuri hutoa sauti fupi na halibembei sana. Ukilisukuma badala ya kuligonga, hubembea likakurudia. Letu lilitembea ua mzima.

Miezi miwili ikapita hivi. Sukari ya mkubwa imeshuka, ingawa daktari amesema dawa zisiachwe na mwalimu amemtaka awe na tende mfukoni na aketi mara tu akiona kizunguzungu. Kisha mwalimu akatupanga sisi kwa sisi. Zoezi lilikuwa la kupokea: mmoja anatoa jabu polepole kuelekea kiganja ambacho mwenziwe amekiweka kando ya bega lake, mbali na uso, na mwenziwe anakipokea kwa kukisukuma kidogo kando. Hakuna kupigwa. Watoto wa miaka 12 hulifanya wakicheka.

Mdogo hakuweza. Mkono ulitoka mpaka nusu ukasimama. Mara ya pili ukasimama. Mkubwa naye, kila mkono ulipoanza kutoka, jicho lake la kushoto lilifumba lenyewe, na mtu aliyefumba jicho hapokei kitu. Tulisimama tukitazamana, watu wazima wawili, raundi nzima, hakuna ngumi iliyofika. Kijana wetu aliacha kuruka kamba. Kengele ilipolia mwalimu alisema tukapumzike ukutani, akaenda kuwasahihisha wengine, na hakuturudia jioni ile.

Hatutasema nani alianza. Palisemwa kwamba fedha za dawa za baba zilitumika zote kwa dawa za baba, na kwamba aliyesema vinginevyo alijua hivyo tangu siku ile. Palisemwa pia kwamba kodi ya vyumba viwili vya mbele ilikusanywa na mtu mmoja kwa miaka saba, ikaliwa na mtu mmoja, naye alijiambia kuwa ni malipo ya kumtunza mama, ilhali mama hakuomba kulipiwa na dada wawili wana haki humo. Mambo yote mawili yalikuwa magumu kusemwa, na la pili lilichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa lina tarakimu.

Jumapili iliyofuata tulimwita sheikh na dada zetu nyumbani. Nyumba itathaminiwa. Mdogo, anayeishi humo, atayanunua mafungu ya dada kidogo kidogo, na kodi ya vyumba vya mbele itakwenda kwao kuanzia mwezi huu mpaka deni la miaka saba limalizike. Mkubwa hatauza fungu lake madhali mama yu hai. Dada yetu wa tatu kwa kuzaliwa aliuliza kama tunahitaji kupigana tena ili mengine yaliyobaki yamalizike. Alikuwa akitania, nadhani. Mmoja wetu anadhani. Mwingine hana hakika.

Zoezi la kupokea tumelirudia. Mkono wa mdogo sasa unafika, ingawa hafifu, na mwalimu humkaripia kwa hilo. Jicho la mkubwa bado linafumba mara moja katika kila mara tano au sita.

Mama hakuambiwa mapema. Alijua kwa bandeji. Hulowa jasho na hazina budi kufuliwa kila siku, na kwa kuwa nyumba yake iko karibu na ule ua, tulizianika kwenye kamba yake, jozi mbili za watu wazima na moja ya kijana. Akauliza ni nani ameumia. Tulipomweleza alinyamaza, akaingia ndani, akarudi na kigoda, akaketi kibarazani. Akamwita mdogo, akaushika mkono wa kulia na kubonyeza lile shimo kwa kidole gumba chake. Kisha akamwita mkubwa asogee penye mwanga, akamgeuza uso, akaitazama kovu iliyo chini ya jicho. Tulikuwa tumepiga magoti mbele yake sote wawili.

"Mnanuka," akasema. "Nendeni mkaoge, Magharibi inaingia."

Tuliporudi msikitini alikuwa amezianua bandeji kambani, na alikuwa akizikunja moja moja, akizibana kwa goti ili zikaze.